Mbeleko Aliyoivaa Zakaria

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Rusimbi hatujambo, mama yako bado anashona kule sokoni Mwanga. Umeniuliza kama ningecheka kuona wanaume wa huko uliko Japani wakiigiza wanawake jukwaani. Sicheki. Hasira yangu ni ya zamani.

Tulipokuwa kambini, baada ya kukimbia Burundi, vijana walitunga mchezo wa mama anayekimbia na mtoto mgongoni. Nikaomba niwe mimi huyo mama, maana ndivyo nilivyokuja na mama yako. Wazee wakakataa, eti mwanamke jukwaani ni aibu! Nafasi hiyo akapewa jirani yetu Zakaria, kisha wakamleta kwangu nimfundishe. Nikamfunga mbeleko yangu mwenyewe.

"Mama, nikimbie hivi?" akauliza.

"Inama kidogo. Utamwamsha mtoto."

Siku ya mchezo watu walilia. Wazee wakampa mkono Zakaria, wakasema hakuna mwanamke anayemshinda. Nami nimekaa chini palepale, nangoja anirudishie mbeleko yangu!

Hao wa Japani wapigie makofi, wanaijua kazi yao. Ila kabla hujatoka ukumbini, uliza aliyewafundisha ameketi wapi.

Bibi yako, mwenye mbeleko.