Maji ya Kiasi

Mutuini, Nairobi

Mpendwa kaka Muindi,

Kwanza pokea salamu zangu, na uwafikishie wifi Stellah na watoto salamu zao. Ule mguu wako umepoa? Mbuzi ameshazaa? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Nimeandika kwa sababu simu zangu hushiki, na Masila, jirani yangu hapa, anakuja huko Mbooni kumwona baba yake, kwa hivyo barua hii atakupa mkononi.

Sikulaumu. Najua shangazi Nthiwa aliwaambia watu siku ya mazishi kwamba nina macho makavu, kwamba ni mtoto gani wa kike huyo, mama yake anafukiwa na yeye anapangusa viti vya wageni. Ni kweli nilipangusa viti. Vilikuwa na matope. Wewe ulisikia ukanyamaza, na tangu hapo hujasema nami.

Kazini bado niko kwa Wahome, yule mwenye ofisi ndogo ya usafi pale Riruta. Wiki jana alinituma Kitisuru, kwa mama mmoja anayeitwa Madam Waithera. Anaishi na mama yake, mzee wa kukaa kwenye kiti cha magurudumu, na huyo mzee alikuwa amemwaga uji wa wimbi kwenye kapeti ya sebuleni. Wageni walikuwa njiani.

Watu hudhani kapeti husafishwa kwa maji mengi. Hapana. Unanyunyiza kidogo, yalowe manyoya tu, unasugua, unafyonza na mashine. Halafu unaweka kiganja. Kikitoka na baridi tu, ni sawa. Kikitoka na tone la maji, umezidisha, na maji yameshuka hadi kwenye sponji ya chini. Hapo doa litaondoka mbele ya macho yako, ushukuriwe, upewe na chai, lakini kapeti ikikauka linapanda tena, kubwa kuliko lilivyokuwa. Mimi ndiye huwafundisha wenzangu hayo.

Basi siku hiyo yule mzee hakuacha kuniomba msamaha. Aliniita mwanangu, akasema ni mkono ulitetemeka. Harufu ya uji ilikuwa inanijia puani. Doa lilikuwa limeshatoka, naliona limetoka, na bado nilimwaga maji. Nikafyonza, nikamwaga tena. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Kesho yake Madam Waithera alipiga simu akiwa amekasirika sana. Doa lilikuwa limerudi, na sebule inanuka uvundo. Wahome aliniuliza kama nilitumwa kusafisha kapeti ama kufuga samaki, kisha akaniona uso akaacha mzaha. Tulirudi pamoja. Nilipoliona lile doa, pana, la kahawia, limejitandaza katikati ya sebule ya watu, nilifurahi. Nakuambia ukweli, kaka. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu tumzike Mama.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua Mama alianguka hapa kwangu asubuhi nilipotoka kununua maziwa. Unajua nilikupigia. Usichojua ni kwamba sikukupigia papo hapo. Nilimkuta chini, kikombe cha uji kimemwagika karibu naye. Niligusa mkono wake nikajua, ulikuwa umeshapoa. Nilimlaza kitandani, nikamfunga macho, nikamfunika. Kisha nikachukua brashi.

Unamkumbuka na kapeti yake, ile aliyoninunulia nilipohamia hapa. Hata pasta alivua viatu mlangoni. Niliwaza kwamba watu wataingia wakute uji sakafuni, na Mama angeona haya. Nikapiga magoti. Maji kidogo, povu kidogo, kitambaa cheupe. Nikaweka kiganja. Kilitoka na baridi tu. Ndipo nikakupigia, na ukaniuliza mbona naongea kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa. Mikono yangu ilikuwa bado inanukia sabuni.

Sijalia mpaka leo, Muindi. Si kwamba sitaki. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naangalia pale mahali. Doa halijarudi. Niliifanya ile kazi vizuri mno, na sasa hakuna kitu pale kinachoonyesha kwamba Mama alikuwa hapa. Natamani ningemwaga maji mengi.

Nisalimie shangazi Nthiwa, mwambie sina kinyongo. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Nawe ukipata nafasi, njoo. Mvua imenyesha huku, njia yote kutoka stejini ni matope mekundu. Ukifika mlangoni, tafadhali usivue viatu.

Ni mimi dada yako,
Kamene