Mtani Hasikilizwi

Jumanne, 7 Mei
Uji wa watu wawili tena. Wangu nimekunywa nimesimama. Mwingine nimempitishia jirani yangu, Bi Mwanahamisi, kwenye nondo za dirisha. Mwanawe Shabani akienda dukani humfungia kwa kufuli. Eti mama anapotea. Mkononi ana alama za vidole. Anasema kaanguka.

Namchukia Shabani.

Jumatano, 8 Mei
Mkutano wa mtaa. Afisa ustawi wa jamii kaja kutuelimisha kuhusu unyanyasaji wa wazee. Kasema si kupiga tu. Kumfungia mzee na kumnyima chakula ni unyanyasaji vilevile. Shabani kakaa mbele, anaitikia kwa kichwa.

Nikasimama. Nikasema Shabani anamfungia mama yake na kumlaza na njaa. Watu wakaangua kicheko. Nilisahau kabisa: mimi Mnyamwezi, wao Wazaramo, watani toka enzi za mababu. Nimeishi Bagamoyo miaka yote hii nikiwatukana na kutukanwa, hakuna anayenuna. Leo nasema kweli, inageuka mzaha. Shabani alicheka hadi akashika mbavu. Hata afisa alicheka.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu.

Alhamisi, 9 Mei
Dirisha limepigiliwa mbao. Shabani alinisubiri palepale, nyundo mkononi. "Utani una mipaka yake, dada."

Alipoondoka nikaita. Bibi akaitika kwa sauti ndogo: "Usigombane na mwanangu." Uji nikarudi nao.

Ijumaa, 10 Mei
Ofisini kwa afisa. Nimeapa kwa Mungu kwamba sitanii. Kasema atakuja Jumatatu. Nimemsihi aje leo. Jumatatu, kasema.

Jumamosi, 11 Mei
Nimegonga zile mbao tangu asubuhi. Kimya. Nimemfuata mjumbe wa mtaa, kacheka, kasema safari hii nimezidi. Naogopa.

Jumapili, 12 Mei
Bi Mwanahamisi kazikwa baada ya adhuhuri. Shabani kalia sana. Watu wanamsifu kwa kumtunza mama.

Wanawake niliokuwa nikichambua nao mchele wakanisukuma katikati ya mkeka. Msibani mtani ndiye wa kuwachangamsha wafiwa. Nikasema, "Kafa na njaa. Kafungiwa na mwanawe." Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Shabani alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hakucheka.

Nikakaa. Nikaendelea kuchambua mchele.