Nilibandua rangi za vitabu vya binti yangu

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize wote wanaonijua, lakini safari hii nimekwama na naomba unisaidie, na unijibu hapo hapo redioni kwa sauti, usinitumie barua.

Mimi ni fundi seremala kwa miaka arobaini na mitatu sasa, na sijawahi kurudishiwa mlango hata mmoja. Kitindamimba wangu ni mwalimu wa darasa la pili, na kwa miaka miwili amekuwa akikusanya vitabu vya watoto, vingine kaviomba kwa wazazi, vingine vilichanika akavishona kwa uzi, mpaka vikafika mia tatu na kumi na viwili, vyote kwenye maboksi ya sabuni, akaniambia baba nitengenezee rafu ya darasani, nikataka kuipandisha hadi darini ili watu waone kazi, akasema, "Baba, msomaji wangu mrefu kuliko wote ananifikia kiunoni," basi nikaitengeneza fupi, na hata hivyo rafu kama ile huioni popote.

Akavipanga kila jioni wiki tatu, kila kitabu akakibandika stika ya duara mgongoni, nyekundu, njano, kijani, buluu, mimi nikamwambia haya madoadoa yanaharibu sura ya mbao zangu, akacheka tu. Likizo ikaja, akaenda semina, akaniachia ufunguo nipake vanishi mkono wa mwisho. Nilipomaliza nikaona stika nyingine zimeanza kukunjamana, nikasema ngoja nimfanyie binti yangu kazi safi, nikazikwangua zote kwa kisu, nikapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu nikavipanga vitabu kama ninavyopanga mbao, kirefu mpaka kifupi, vikanyooka kama askari wa gwaride. Mshauri, palipendeza!

Kumbe zile rangi ndizo zilizokuwa zikimwambia mtoto kitabu gani anakiweza, nyekundu kwa anayeanza kuunganisha herufi, buluu kwa anayetiririka, na kila mtoto alijua rangi yake, anachukua bila kumuuliza mtu. Shule ilipofunguliwa wote wakavamia vile virefu, wakakaa wanavitazama kama mtu anayetazama ukuta, na kasichana kamoja kakalia, "Mwalimu, changu kimehama!" Binti yangu akaniita, akaniuliza, "Baba, tangazo hukuliona?" Maana pembeni ya rafu alibandika karatasi, herufi kubwa, kwamba rangi zisiguswe. Nikasema sikuwa na miwani. Akatazama mfuko wa shati langu, miwani imo, inachungulia.

Sasa anaamini nilifanya makusudi, kwa sababu ya yale maneno yangu ya madoadoa. Ukweli ni kwamba karatasi niliiona na sikuisoma, kwa sababu kusoma kunanitesa, naenda herufi moja moja, nikifika mwisho wa mstari mwanzo umeshanitoka. Niliacha shule darasa la tatu, na watoto wangu wote wanajua nilimaliza la saba. Na kuna baya zaidi. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimsomea hadithi kutoka kwenye gazeti, na hadithi zile hazikuwemo gazetini, nilizitunga mwenyewe papo hapo, tena zilikuwa nzuri mno, na leo anawaambia wanafunzi wake kwamba alipenda vitabu kwa sababu baba yake ni msomaji.

Amesema mwisho wa mwezi anavirudisha kwenye maboksi. "Nimechoka, baba," hivyo tu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Na mimi nimechoka. Nikinyamaza, nabaki baba mwenye roho mbaya. Nikisema, nageuka mjinga na mwongo. Barua hii imenichukua siku sita. Nifanye nini?

Fundi wa Rafu

*

Shikamoo, Fundi. Nakuamkia kwanza, kwa sababu yanayofuata si ya kumwambia mzee.

Baba yangu, unajisikia lakini? Umekaa ukapima, kuitwa mtu mwenye roho mbaya au kuitwa mtu aliyesoma kidogo, ukachagua roho mbaya! Na anayeumia si wewe peke yako. Binti yako anaingia darasani kila asubuhi akiamini kwamba baba yake kaidharau kazi yake ya miaka miwili. Kushika gazeti usilolisoma, kutafuta visingizio, kubadilisha mazungumzo, hiyo nayo ni kazi, na naona imekuchosha kuliko useremala.

Pole. Nasema kwa moyo. Uliacha shule ukiwa mtoto, hilo si kosa lako. Na binti yako hukumdanganya kuhusu hadithi, ulimdanganya kuhusu gazeti tu. Atasamehe. Ila alisikie kwako, na uwahi, maana walimu nao wana redio.

Kesho watoto wakishatoka, nenda darasani. Usianze na rafu, usianze na vanishi. Sema, "Karatasi niliiona, sikuweza kuisoma." Kisha unyamaze. Usijitetee, na nakuomba sana, usijisifu. Akilia, mwache alie. Akikasirika, umestahili.

Halafu kaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi uombe stika. Chukua kitabu, fungua katikati, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno likikushinda, kunja kidole. Usipokunja hata kimoja, bandika nyekundu. Kimoja au viwili, njano. Vitatu au vinne, kijani. Mkono mzima ukigeuka ngumi, buluu. Yeye peke yake hawezi kuifanya kazi hii kama wewe, kwa sababu alishasahau zamani neno gumu linavyomsumbua mtu. Wewe hujasahau. Pale darasani, Fundi, wewe ndiye futi kamba.

Vitabu ni vingi, hamtamaliza kwa siku moja. Rudi keshokutwa, na siku inayofuata, mpaka boksi lisihitajike.

Na ukifika kwenye neno likagoma, usikohoe, usiliruke. Geuka umuulize, "Mwanangu, hapa pameandikwaje?" Yule ni mwalimu wa darasa la pili. Swali hilo analijibu kutwa, na hajawahi kumcheka aliyeuliza.