Ulichomwambia Mungu Kabla ya Mama

Papa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: asubuhi zako za maombi nilikuwa nakusikiliza. Nilianza nikiwa na miaka tisa. Ulipotoka kabla jua halijachomoza, nilikufuata hadi kwenye michikichi nyuma ya nyumba, nikachuchumaa upande wa pili wa kichuguu. Sikuwa nakupeleleza. Nilitaka tu kujua mtu anamwambia nini Mungu kwa muda mrefu namna ile.

Mahali pale ulipafagia kila Jumamosi, mpaka udongo ukawa laini kama sakafu. Ulilaza tawi la mchikichi katikati ya njia, na tawi likiwa pale hakuna aliyepita. Hata jirani yetu Mwislamu, akienda shambani, alizunguka kupitia kwenye mihogo. Mama alikutania: "Papa yenu ameenda kwa mwenzangu. Huyo mwanamuke wa mu michikichi anamupenda kuliko mimi." Nawe ulirudi ukitabasamu, umande magotini, ukaniambia, "Nyumba yetu iko na watu saba na mulango mumoja. Utafute fasi yako ya kuombea, mutoto wangu, hata iwe kidogo."

Nilikuamini. Nilitafuta pangu kwenye benchi la mwisho darasani, wenzangu wakiwa nje kwenye mapumziko, daftari limefunguliwa mbele yangu ili waseme nasoma.

Kanisani uliomba kwa Kiswahili. Ukiwa peke yako uliomba kwa Kibangubangu, lugha ambayo hukutusemesha hata siku moja, kwa kuwa ulitaka tujue Kiswahili na Kifaransa cha shule. Ulisahau kwamba miaka mitatu nililelewa na mama yako, na mama yako hakuwa na lugha nyingine.

Asubuhi moja ulimwambia Mungu kwamba unaenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Ukamshukuru kwa ajili ya mwanamke anayekungoja huko na mimba aliyo nayo. Ukamwomba amtulize mama yetu, asije akakufuata. Sauti yako haikutetemeka. Ulisema kama mtu anayemwagiza fundi kazi. Kisha ukasema amina.

Siku ya tatu ulipanda pikipiki. "Ni miezi tatu tu," ulimwambia Mama. "Nachimba kidogo, narudi." Mimi nilishika begi lako mpaka dereva alipolifunga kwa mpira. Nilinyamaza. Nilidhani niliyoyasikia ni ya Mungu, na kuyatoa kungekuwa kuiba.

Imepita miaka miwili. Sasa anayefagia pale ni Mama. Wamama wa kanisa walimwambia kwamba maombi bila kufunga hayana nguvu, kwa hiyo Jumatano na Ijumaa hali chochote, na mwezi uliopita aliongeza Jumatatu. Kitenge chake sasa kinamzunguka mara mbili. Juma lililopita alianguka njiani na kikapu cha mihogo mgongoni. Anaomba shimo lisikuangukie. Anaomba urudi salama. Papa, anapiga magoti mahali pale pale ulipomwomba Mungu amtulize asikufuate.

Nina hasira nawe, na hasira kubwa zaidi ni kwamba ulinifundisha vizuri. Nikiwa kwenye benchi langu nikifumba macho, naanza "Mungu wangu", na sauti yako inaendelea badala ya yangu, ikipanga mambo yake kwa utulivu. Nafumbua macho, nasoma jiografia. Sijui kama miaka yote ile ulikuwa unaomba, au ulikuwa unatafuta tu mtu wa kukubaliana nawe. Ningependa kuamini kwamba mwanzoni uliomba kweli.

Jana, Ijumaa, nilimfuata Mama. Nikangoja aseme amina, nikamwambia yote, pole pole.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu siku tatu mbele ya Papa kuenda."

Aliinuka, akapangusa udongo magotini. "Na ukaniacha nikae na njaa," akasema.

Tulirudi nyumbani. Nilisonga bugali, nikapasha mboga ya juzi, nikamwekea mezani. Alikula yote bila kuniangalia, kisha nikaosha sahani na kwenda shule.

Kaa na wale uliowachagua, Papa.

Binti yako mkubwa