Ngoja Nimunawishe Mutoto

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Keshero tuko wazima. Baba yako anakusalimia. Unauliza kama upige picha za wakimbizi bila kuwangojea wanawe na kujipanga.

Vita ilipotutoa Kibumba nilikuwa mama kijana, nimechoka. Mupiga picha mumoja alitukuta njiani, baba yako mugongoni, kamasi usoni.

"Ngoja nimunawishe."

"Mama, akiwa safi, hakuna gazeti litakalonunua picha."

"Basi, papa, uende na kamera yako!"

Akacheka, akakaa juu ya jiwe. Nikamunawisha, nikaazima kikwembe, kitambaa kizuri cha kumufunga, kwa jirani tuliyekimbia naye, kisha mupiga picha akapiga.

Kweli haikununuliwa. Aliniletea mwenyewe, na ndiyo picha pekee ya utoto wa baba yako.

Uwangojee, Furaha, hata kama mwangaza unaisha.

Koko yako