Dhahabu Iliyozidi Kwenye Mizani

Mutakura, Bujumbura
Jumapili asubuhi

Kwako dada yangu Yasmina,

Salaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, tafadhali vuta kiti kwanza. Shemeji Sulemani mguu wake unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ameanza kutembea bila fimbo, nami nikamshukuru Mungu. Na Asiya, bado anakataa kula samaki, akiwa Ujiji jamani? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mimi mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi. Ila silali vizuri, na chakula nakitazama tu, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Usishangae kwamba nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Simu yangu imepita mikononi mwa watu nisiowaamini, na tangu hapo naiona kama mtu mwingine aliyekaa chumbani akinisikiliza. Barua anakuletea Huseni makenika, jirani yetu wa zamani wa Buyenzi, anayekuja huko kuchukua vipuri. Hajui kilichomo ndani, na ninakuomba usimweleze.

Nilikwisha kukuambia kwamba nafanya kazi kwenye labo ndogo ya kupima maji, kule Kamenge. Mwenye labo ni Profesa Honoré, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, wa kutafuta miwani yake nusu saa huku ameivaa kichwani. Kazi yetu ya kila siku ni maji ya visima na ya mabomba. Lakini katika chumba cha nyuma alikuwa na kazi yake ya moyo, na hiyo sikuwahi kukusimulia, kwa sababu alituomba tusiitangaze.

Profesa alikwenda kuchota tope chini ya mfereji wa masonara wa Buyenzi, pale wanapomwaga asidi waliyosafishia dhahabu. Katika tope lile, ambamo hata funza haishi, alikuta vijidudu vya aina moja, vidogo kiasi kwamba maelfu yake yangekaa juu ya ncha ya sindano na usivione. Alinieleza kwamba dhahabu ikishayeyuka ndani ya asidi huwa sumu inayoua viumbe. Vijidudu hivi vimejua kujiokoa. Vinaivuta ile sumu, vinaigeuza, vinaitema ikiwa punje za dhahabu safi, laini kuliko unga. Nilizitazama mwenyewe kwa hadubini, dada. Zilikuwa ziking'aa.

Nilimuuliza Profesa kama basi tumekuwa matajiri. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema vijidudu haviumbi dhahabu, vinarudisha tu ile iliyokwisha kuwamo ndani ya maji. Ukivipa kijiko kimoja hupati kijiko na nusu. Tena ni taratibu mno, chupa nzima inaweza kukaa mwezi na isikupe hata uzito wa punje ya mchele. Anayetaka utajiri, alisema, akauze nyanya. Manufaa aliyoyaona yeye yalikuwa mengine. Yale maji ya masonara, badala ya kumwagwa mtaroni yakaishia kwenye bustani za mboga za watu, yangepitishwa kwanza kwenye mapipa yenye vijidudu, yakatoka na sumu kidogo, na sonara naye akaokota kile alichokuwa akikipoteza. Alikuwa amewaandikia watu wa nje wanaosaidia utafiti, nao walitaka kuona vipimo vya miezi mitatu.

Vipimo vya mwezi wa tatu ndivyo vilivyotuponza.

Ilikuwa Alhamisi. Tulichuja chupa zote sita, tukachoma uchafu, tukaweka kilichobaki kwenye mizani. Profesa alisoma namba, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Alipima mara tatu. Kisha akafungua daftari kuona tulikuwa tumeweka dhahabu kiasi gani mwanzoni. Iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia. Aliniambia jambo hilo haliwezekani, kuna kosa mahali fulani. Akampigia mwenzake wa chuo, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa alisema kwa sauti kubwa, mara mbili, kwamba imetoka nyingi kuliko tuliyoingiza.

Chumba cha mbele alikuwa amekaa mtu anasubiri majibu ya maji ya kisima chake. Anaitwa Armel. Anajenga nyumba kubwa Carama, na kazi yake ni kununua dhahabu inayovuka kutoka Kongo. Nilipomletea karatasi yake hakuitazama. Alinitazama mimi, akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha: "We dada, hao wadudu, wanakula nini?"

Tangu siku ile hakutuacha. Alileta jenereta mpya bila kuombwa. Alileta soda. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa wa maji, kama tunavyokiita, akisikiliza. Profesa alimweleza kwa uvumilivu wote kwamba ile namba ni kosa, kwamba bado analitafuta, kwamba hakuna kiumbe chini ya mbingu kinachotengeneza dhahabu kutoka mahali ambapo haipo. Armel alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Profesa anasema apana. Huyu dada naye anasema apana. Watu wawili wakisema apana sana, mi najua iko kitu."

Baadaye gari lake likaanza kulala nje ya labo, likiwa na watu wawili ndani. Mmoja wao, mwenye kofia ya kijani, aliniomba simu yangu siku moja nilipokuwa natoka. Hakunipigia kelele wala kunishika. Alinyoosha mkono tu, nami nikampa. Alipitia picha zangu moja moja pale barabarani, watu wakipita, akafika kwenye picha yako na Asiya mliyopiga Idi. Akaniuliza huyu mwanamke ni nani na anaishi wapi. Nilimwambia ni dada yangu, ameolewa Zambia. Mungu anisamehe ule uongo. Kati ya yote niliyosema mwezi huu, huo ndio pekee nisioujutia.

Jumanne iliyopita walikuja na pikapu. Walipakia chupa, kabati la joto tunamokuzia vijidudu, na hata madaftari. Armel alimwomba Profesa aje naye Carama kuwaonyesha namna ya kuvipanga, akasema ni saa moja tu. Profesa alinigeukia mlangoni akaniambia nifunge madirisha, mvua inakuja. Hakurudi siku hiyo. Hakurudi Jumatano, wala Alhamisi.

Ijumaa mkewe, Madamu Huguette, alikuja hapa Mutakura ninapopanga. Hajawahi kufika kwangu. Alikuwa amevaa kandambili za nyumbani, na sidhani alijua. Alisema kila siku mumewe anapiga simu dakika moja, anasema ni mzima, anasema anatafuta kosa, kisha sauti nyingine inamwambia yeye kwamba akipiga kelele kazi itaharibika na mume pia ataharibika. Alikuwa amekwenda kwa watu wenye vyeo anaowajua, wakamwambia angoje. Akanishika mikono yote miwili. "Kudra, we ndiwe ulikuwa naye kila siku. Hiyo dhahabu iko ao haiko? Niambie tu, mimi nijue nimuombee nini."

Nilianza kumweleza, mikono yangu ikiwa bado ndani ya yake.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nazungukazunguka tangu mstari wa kwanza. Nakuomba usiiweke barua chini.

Vijidudu vilikuwa vimekufa, na mimi ndiye niliyeviua. Jumamosi moja, zamu ilikuwa yangu. Sheria ya zamu ni moja: umeme ukikatika, chomoa kabati la joto, ungoje mpaka urudi na utulie. Siku hiyo Annick, rafiki yangu, alikuwa anaolewa, nami niliondoka saa tano nikale pilau na wenzangu nikidhani hakuna atakayejua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kifaa cha kuzuia joto kikaungua. Niliporudi saa kumi chumba kilikuwa kinanuka kama supu. Chupa zilikuwa za moto hazishikiki. Hata ile mbegu ya vijidudu tuliyokuwa tumeitenga kwa akiba ilikuwa kwenye kabati lile lile. Nilitazama kwa hadubini mpaka macho yakaniuma, na hakuna kilichojongea.

Ningeweza kumwambia Profesa Jumatatu. Angehuzunika, angechota tope jingine, tungeanza upya. Niliogopa. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliogopa uso wake. Kwa hiyo nilitafuta dhahabu ya kutia mle ndani ili vipimo vije vizuri, na mahali pekee nilipokuwa na dhahabu ni kwenye kile kikopo ulichoniachia ulipohamia Ujiji.

Ni hereni za mama, Yasmina. Zile ulizosema nimtunzie Asiya mpaka siku atakayoolewa. Niliazima tupa kwa sonara, nikajifungia mchana, nikasaga ile ya kushoto mpaka karibu nusu yake, nikautia ule unga kwenye chupa sita. Nilikadiria kwa jicho. Sikujua kukadiria, nikazidisha. Ndiyo dhahabu iliyozidi kwenye mizani. Hakuna siri nyingine.

Sijui Madamu Huguette aliona nini usoni mwangu, lakini aliacha mikono yangu kabla sijamaliza kusema. Hakunipiga. Aliniambia nivae viatu. Nilimwomba anipe mpaka kesho, akakubali, na jana asubuhi tulikwenda Carama sisi wawili, mimi nikiwa na hereni zote mbili, nzima na iliyoliwa, zimefungwa kwenye leso, na tupa ndani ya mfuko. Njiani nilisoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nikazikosea.

Profesa alikuwa kwenye chumba kisichopigwa plasta, amekaa mbele ya chupa, ndevu zimemwota. Armel alikuwa anakunywa chai. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, Armel alivuta mizani yake ndogo ya biashara, akapima hereni ya kulia, akapima ya kushoto. Profesa alichukua kalamu, akatoa moja kwa nyingine, akajumlisha ile kidogo ambayo vijidudu vilikuwa vimekwisha kuitema kabla havijafa, akailinganisha na daftari. Namba zilikaribiana kabisa.

Akaniuliza vijidudu vilikufa siku gani. Nikamwambia, Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi uliopita, kati ya saa tano na saa kumi. Alihesabu kwa vidole, akashusha pumzi ndefu, macho yakamjaa maji. "Basi mizani yangu ni nzima," alisema. Kumbe siku zote zile, mle ndani, alikuwa amekwisha kuamini kwamba kilichoharibika ni akili yake.

Nilidhani Armel atatupiga. Badala yake alicheka, midomo tu. Alisema hajawahi kuona mutu anaiba vitu vya mama yake kulisha wadudu, na kwamba profesa hodari anaweza kumfundisha mfanyakazi wake kusema uongo hodari. Alimwachia Profesa aende na mkewe. Chupa akabaki nazo. Hereni za mama pia akabaki nazo, zote mbili. Kisha akaniambia mimi, kwa upole, kwamba ataendelea kuzilisha chupa zile mwenyewe mpaka mwezi uishe, na zisipotoa kitu atajua nani wa kumuuliza, kwa sababu ni mimi nilikuwa nazilisha mwanzo.

Hazitatoa kitu, dada. Ni maji yaliyokufa. Nimemwambia hivyo na hakunisikia.

Profesa na familia yake wameondoka leo alfajiri kwenda vilimani kwa wazee wa Madamu. Alinipigia kabla ya kuondoka. Hakunitukana, na ningeona nafuu kama angenitukana. Alinishukuru kwa kwenda Carama, akasema labo nisiikaribie tena, akakata. Lile gari halipo tena Kamenge. Tangu jana jioni liko hapa Mutakura, mbele ya duka la sukari, naliona kutoka nilipokaa kuandika. Mwenye kofia ya kijani anakula karanga.

Mwezi umebakiza siku kumi na moja. Huseni amesema akirudi anaweza kunichukua safari inayofuata, nikikaa nyuma pamoja na matairi, kama mnanitaka. Sina cha kukuletea. Kikopo nimekiacha, hakina kitu. Sitakuomba unisamehe leo, maana najua hereni zile ulizivaa siku ya nikaha yako na mama akakuvisha kwa mkono wake. Hasira yako naijua na ni haki yako, nitaibeba nikifika. Ila nakuomba unifungulie mlango kwanza, ndipo unigombeze tukiwa ndani.

Nisalimie shemeji Sulemani, mwambie auangalie ule mguu. Nisalimie majirani wote wanaonikumbuka. Mbusu Asiya, lakini usimwambie kitu kuhusu hereni. Nataka nimwambie kwa mdomo wangu. Na mtu yeyote akikuuliza habari zangu, una mdogo wako mmoja tu, naye anaishi Zambia.

Mimi mdogo wako mwenye hofu,

Kudra