Hadubini ya Deo na Redio za Jirani

Jumatatu, 6 Machi 1995. Kijijini Murukulazo, Ngara
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Maharage yameiva, Deo hajala. Yuko chumba cha nyuma na hadubini yake. Haina lenzi. Ncha ya waya inasogezwa karibu kabisa na kipande cha kioo bila kukigusa, na umeme unaobadili mwelekeo upesi mno unaruka katikati. Ukiruka sawasawa, anasema, ataona chembe zilivyojipanga. Aliiunda mwenyewe Bujumbura. Alipokimbia vita aliacha nguo, akaibeba hiyo. Mwaka jana akanioa.

Jumatano, 8 Machi
Mzee Bernado, jirani yetu, kaja. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia huku anatazama mlango wa nyuma. Deo akiwasha mtambo, redio yake inanguruma. Za wengine pia. Kilabuni wanasema mume wangu anaongea na wapiganaji ng'ambo ya mpaka.
Nimemsihi Deo azime. Eti amekaribia kuziona chembe. Nimemchukia kidogo. Naogopa.

Ijumaa, 10 Machi
Wamemchukua. Mtendaji wa kata na mgambo wawili. Mtambo pia, na betri, waya zinaning'inia. Mama anasema alinionya nisiolewe na mkimbizi. Sikulia.

Jumamosi, 11 Machi
Polisi, Ngara mjini. Jicho la Deo limevimba. Mkuu wa kituo kasema hiki ni chombo cha jasusi.
"Afande," Deo akasema, "kama sauti yake inafika Burundi, itashindwaje kufika barabarani? Niwashe, askari atembee na redio."
Akawasha. Redio ikanguruma mlangoni. Ikanguruma kwenye mlingoti wa bendera. Askari alipofika barabarani, kwaya ikasikika safi. Akarudi anacheka. Mkuu hakucheka. Kamwachia.
"Lakini wewe ni mkimbizi. Jumatatu uwe kambini."


Jumapili, 12 Machi
Misa. Hakuna aliyekaa benchi letu. Mama anataka nibaki. Mwalimu mkuu kanipa ruhusa, kwa shingo upande. Naenda.

Jumanne, 14 Machi. Kambini
Mvua. Hema linavuja upande wa miguuni. Deo yuko foleni ya maji. Ncha ya hadubini ilipinda kituoni; hajaifungua, sijamuuliza.
Mama wa hema la pili kaniuliza kwa Kirundi nimekimbia kutoka wapi. Murukulazo, nikasema. Akadhani sijamwelewa. Akanipa kuni kavu.